Mama Yangu wa Maboksi

Kichwa cha kwanza nilichotengeneza kwa maboksi kilikuwa cha kupimia hijabu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pale Mwembesongo, na kila Januari inapokaribia fremu yangu, chumba kimoja cha duka, hujaa sketi za bluu, mashati meupe na hijabu za wanafunzi mpaka sina pa kuweka kikombe cha chai. Mwaka ule hijabu nilikuwa nazijaribishia kwenye ndoo ndogo ya plastiki niliyoigeuza juu chini. Ndoo haina kidevu. Mteja mmoja akanirudishia hijabu sita, akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi, hizi zinamfaa mtoto asiye na taya."

Nilicheka, lakini iliniuma. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ana duka la jumla, anauza biskuti, sabuni, tambi, mafuta ya kula. Maboksi matupu alikuwa akiyarundika nyuma ya duka na kuyachoma moto, na moshi wote ulikuwa unaingia kwangu. Mchana ule nikaenda kwenye rundo, nikachagua boksi la biskuti, nikalikata kama ninavyokata kitambaa: kipande cha mbele, cha nyuma, viwili vya pembeni. Shavuni nikatia mkunjo wa kubana, kama ule ninaoutia kiunoni mwa gauni. Kidevuni vilevile. Nikaunga vipande kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wa katani. Kabla ya saa kumi kulikuwa na mtu mezani ananitazama.

Jirani akaingia kuazima mkasi. Akaruka nyuma hatua mbili.

"Astaghafirullah! Huyu nani?"

"Mteja," nikamwambia. "Amekuja kupima."

Sijui niielezeje furaha niliyoipata siku ile. Nimeshona zaidi ya miaka ishirini na kazi yangu naipenda, lakini nguo ni lazima imsubiri mtu aivae ndipo isimame. Kitu kile kilisimama chenyewe. Jioni nilifunga fremu, nikatembea hatua kumi, nikarudi kufungua mlango ili nikione tena.

Baada ya hapo sikukamatika. Niligundua kwamba boksi lina mkondo wake kama kitambaa. Ukilikunja kufuata ile mifereji ya ndani linatii. Ukilikunja kwa kuikatisha linavunjika na kukuachia kovu. Boksi la biskuti ni jepesi, linafaa mashavu na masikio. La mafuta ya kula ni gumu, linafaa mabega. La friji ndilo bora kuliko yote, lina tabaka mbili, na nikiliona limetupwa mahali moyo hunienda mbio kama msichana aliyeona barua ya mchumba wake. Gundi nilipika mwenyewe kwa unga wa ngano. Nilitengeneza mkono mkubwa kama mlango. Nikatengeneza kuku wa ukubwa wa pikipiki, nikamweka nje ya fremu, watu wakawa wanasimama kupiga naye picha. Jirani akaacha kuchoma. Akawa ananigongea ukutani: "Fundi! Leo yameingia manene, njoo kabla ya mvua."

Ni kuku yule aliyemvuta mwalimu. Alikuwa mhadhiri wa chuo, kampasi ya Mazimbu, amekuja nimpunguzie urefu wa joho lake la mahafali. Alisimama mlangoni na joho mkononi, macho kwa kuku.

"Hiki umekitengeneza wewe?"

"Mimi mwenyewe, mwalimu."

"Kwa maboksi matupu?"

"Na uzi wa katani."

Akamzunguka kuku mara mbili, kisha akanieleza kwamba chuoni wanaandaa maonyesho ya vitu vinavyotengenezwa kwa takataka, na wangependa kitu kimoja kikubwa cha kuweka katikati ya ukumbi.

"Kikubwa kiasi gani?" nikauliza.

Akatazama juu ya kichwa changu. "Dari yetu ni kama mara tatu ya hii yako."

Nikasema naweza. Nilisema kabla sijafikiri. Kesho yake nilipochukua joho lake kulipiga pasi niliona nimelipinda upande mmoja tu.

Cha kutengeneza nilikijua palepale. Nimezaliwa kijijini, juu kwenye miteremko ya Uluguru, upande wa Mkuyuni. Siku ya gulio mama alikuwa anatoka alfajiri na tenga la mananasi kichwani, anashuka kwa miguu hadi sokoni Mkuyuni. Mimi nilibaki na bibi. Nilisimama uani nikitazama mgongo wake unavyoingia kwenye ukungu, kwanza miguu, kisha kiuno, mwisho tenga. Mchana wa jua kali nilimwona tena akipanda, uso umelowa jasho, hasemi neno mpaka amekunywa maji. Kwa hiyo mama ninayemjua safarini ni wa namna hizo mbili: mgongo unaoshuka na uso uliochoka. Nikaamua kumjenga mama anayeshuka, urefu wa zaidi ya mita nne, pamoja na mzigo wake.

Fremu yangu isingemtosha hata goti. Nikamwendea jirani. Akakuna ndevu.

"Stoo yangu kubwa iko tupu mpaka mzigo mwingine uje. Ingia. Ila usinipikie gundi mule ndani, panya watahamia wote."

Wiki zile nilikuwa naamka kabla ya adhana ya alfajiri nimalize sare, nipate kuwahi stoo. Nilijenga mifupa kwanza, mbavu za boksi la friji zilizopishana kama kenchi za paa, kisha ngozi juu yake, rangi ileile ya kaki bila kupaka chochote. Mananasi niliyatengeneza kwa trei za mayai, maana yale mabonde na vilima vyake tayari ni ganda la nanasi. Kanga yake ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Niliikata kutoka pande zenye maandishi na picha, nyekundu ya biskuti, bluu ya sabuni, na pale chini ambapo kanga huwa na maneno yake nikashona kipande cha boksi la tambi kilichoandikwa HIFADHI MAHALI PAKAVU. Jirani aliposoma alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya kumsimamisha tulipitisha kamba juu ya boriti ya stoo tukamvuta, mimi, jirani na wapakuzi wake wawili. Akainuka polepole, tenga kichwani, mkubwa kuliko nilivyothubutu kumfikiria. Nikasema legezeni. Wakalegeza. Akasimama kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, kisha akaenda mbele, taratibu kama anayesujudu, akaanguka kifudifudi. Pua ikabonyea hadi shavuni.

Nikatengeneza pua upya. Nikatia mawe ndani ya miguu. Tukamvuta tena, akaanguka tena, safari hii shingo ikakatika na mananasi yakabingirika hadi mlangoni.

"Tumtie bomba la chuma mgongoni," jirani akasema. "Halitaonekana."

"Nitalijua mimi."

"Fundi, zimebaki siku tisa."

Alisema kweli. Mwalimu alikuwa amepiga simu asubuhi ileile kuuliza kama nahitaji gari la aina gani. Nilikaa juu ya rundo la maboksi nikitazama kile kichwa kilicholala ubavu, nikaanza kukubali moyoni kwamba bomba litaingia.

Kesho yake mama akaja mjini. Alikuwa na miadi ya macho hospitali, na akija hufikia kwangu. Sikuwa nimemwambia lolote. Nilitaka amkute ukumbini, amesimama, mimi nimevaa nguo nzuri. Lakini tulipokuwa tunapita mbele ya duka jirani akamwona.

"Shikamoo mama! Umekuja kujitazama?"

"Marahaba, mwanangu. Kujitazama wapi?"

Nikamkazia jirani macho, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nikamfungulia mama mlango wa stoo.

Tulikuwa tumemrudishia shingo na kumwegemeza kwenye ukuta. Mama alisimama mbele yake. Ana zaidi ya miaka sabini sasa, ni mfupi, na ilibidi arudishe kichwa nyuma kabisa ili aone uso. Akamzunguka. Akagusa kanga, akapapasa vidole vya miguu.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona umenivalisha ndala?"

Ndala nilizitengeneza kwa heshima, kwa boksi la friji, nikazikatia hadi kamba.

"Tulikuwa tunashuka peku," akasema. "Ndala kwenye utelezi ule? Mananasi yangefika Mkuyuni kabla yangu." Akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa kama anavyofanya akitazama nguo nilizomshonea. Lafudhi yake ya milimani huwa inapanda anapotaka kusema ukweli. "Na tena, mtu anayeshuka mlima hasimami hivi. Huyu anasubiri gari."

Jirani akaguna mlangoni. Kabla sijajitetea mama alikuwa ameshaomba ndoo.

"Ya nini, mama?"

"Nipe ndoo. Tia maji nusu."

"Mama, goti lako."

"Goti langu liko wapi na ndoo iko wapi? Leta."

Akachukua kipande cha kitambaa mezani, akakisokota ngata, akaiweka kichwani, nikamtwika. Mbele ya ile stoo pana mteremko wa saruji wa kupakulia mizigo. Mama akavua viatu, akasimama juu yake, akashusha pumzi, akaanza kushuka.

Nimemwona mama akitembea maisha yangu yote na sikuwahi kumwona. Magoti hayakunyooka hata mara moja. Kiuno kilirudi nyuma, kama mtu anayetaka kukaa na akaghairi. Mguu mmoja ulielekea mbele na mwingine ukageukia pembeni, vidole vimetanuka vinashika saruji. Na shingo, ile niliyoijenga imeinamia mbele kwa uchungu wa mzigo, ilikuwa wima kabisa, kana kwamba kuna mtu juu anayeishikilia kwa uzi. Mwili wote ulikuwa unarudi nyuma ili kichwa kiende mbele salama. Hapo nikaelewa kwa nini wangu alikuwa anaanguka. Nilikuwa nimemnyoosha kama sare kwenye henga.

"Simama hapohapo, mama!" Nikavuta futi shingoni, nikapiga magoti.

"Nisimame na maji kichwani mpaka lini?"

"Mpaka nimalize kukupima."

"Haya, pima. Ila usinichome pini."

Nilimpima kisigino hadi goti, goti hadi nyonga, nikapima kwa shubiri umbali ambao makalio yalitoka nyuma ya visigino. Jirani aliandika vipimo kwenye kifuniko cha boksi. Kwa furaha futi ilinidondoka mara mbili. Tulipomtua ndoo hakuwa amemwaga hata tone, na alijua, maana alijifanya hana habari.

Alikuwa anavaa viatu aliponiuliza jambo jingine, kwa sauti ya kawaida tu.

"Na kwa nini nimenuna?"

"Hujanuna, mama. Umechoka."

"Nani alikwambia nilikuwa nachoka?"

"Nilikuona. Kila ulivyorudi."

"Kurudi, ndiyo. Kupanda kunamchosha hata mbuzi. Lakini hapa umesema nashuka." Akakaa juu ya rundo la maboksi, akajipapasa goti. "Kushuka tulikuwa sita. Tumeacha watoto, tumeacha waume, tumeacha jembe, mpaka jua lipande hakuna wa kutuita. Tulikuwa tunacheka njia nzima. Mmoja wetu alikuwa anamwigiza katekista anavyoimba na kikohozi chake. Siku moja mwenzetu alicheka mpaka akakaa katikati ya njia na mzigo wake kichwani, hawezi kuinuka, na sisi hatuwezi kumwinua kwa kucheka. Siku ya gulio ndiyo siku niliyokuwa naipenda."

Nilikaa kando yake. Miaka yote ile nilimhurumia mama yule wa kwenye ukungu. Nikiwa msichana niliapa nitajifunza ufundi ili nisije kubeba tenga. Kumbe ukungu ulipommeza, upande wa pili alikuwa anacheka. Niliona aibu kidogo, kisha aibu ikapita na kitu kingine kikanijaa kifuani, chepesi, kama nimeletewa habari njema ya mtu niliyedhani ni mgonjwa.

"Nifungue mdomo?" nikamuuliza.

"Fungua. Na meno yaonekane. Nilikuwa nayo yote."

Siku nane zilizobaki sikushona sare hata moja. Niliweka karatasi mlangoni kwamba nina msiba wa furaha, na wateja waliokuja kulalamika wakabaki kunishikia gundi. Nilimvunja mama kiunoni nikamjenga upya, kiuno nyuma, magoti yamekunjika, mguu mmoja umegeuka. Mama alikataa kurudi kijijini. Alikaa kwenye kiti mlangoni mwa stoo, miwani mipya puani, akinituma: "Vidole vitanue zaidi. Hapo nimeteleza." Meno niliyakata kwa boksi jeupe la viatu.

Tukamvuta kwa kamba mara ya tatu. Wapakuzi wakalegeza kidogo. Wakalegeza tena. Kamba ikalala chini. Yeye akabaki amesimama, anarudi nyuma kwa namna ya kutia wasiwasi kabisa, tenga la mananasi kumi na mawili juu yake, mdomo wazi anacheka. Nikamsukuma nyonga kwa kidole. Akatikisika, akatulia. Jirani akapiga takbira, mama akapiga vigelegele, mimi nikajikuta nimemkumbatia mpakuzi ambaye mpaka leo sijui jina lake la pili.

Kumpeleka Mazimbu tulimgawa vipande vitatu na kumpakia kwenye kirikuu mbili, vile vigari vidogo vya mizigo. Kichwa chake kilitazama nyuma barabarani, kinacheka, na watu waliokuwa wanatembea wakawa wanacheka nacho. Waendesha bodaboda walitufuata wakipiga honi kama harusi. Katikati ya njia mvua ikashuka ghafla kutoka milimani, ile isiyouliza. Tukasimama, tukavuta turubai, nikalala juu yake kwa tumbo na mama akiwa kwenye kiti cha mbele anapiga kelele nifunike mananasi. Ilikuwa ya dakika chache. Kiliumia kisigino cha kushoto tu, kikalainika kama ugali. Wapishi wa kantini ya chuo wakanipa boksi lao la mafuta, nikamshonea kisigino kipya palepale ukumbini, wanafunzi wamenizunguka wananishikia uzi.

Maonyesho yalipofunguliwa nilikaa nyuma ya nguzo, maana niliogopa. Wanafunzi wa kwanza waliingia, wakatazama juu, kisha wakaanza kutabasamu bila kujua, mmoja baada ya mwingine. Msichana mmoja akamwambia mwenzake, "Bibi yangu anatembea hivi hivi." Wakaanza wote kuiga, magoti yamekunjwa, ukumbi mzima. Mwalimu alikuja akanishika mikono yote miwili. Kisha akamwendea mama, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele na kitenge chake kipya.

"Shikamoo mama. Unajionaje?"

"Marahaba. Nimependeza." Mama akatazama kulia na kushoto mwa ile sanamu, kwenye sakafu tupu. "Lakini wenzangu wako wapi?"

"Wenzako?"

"Tulikuwa sita. Mimi sijawahi kushuka peke yangu."

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama sakafu, na nikaona wazi kabisa mahali ambapo wale watano wangesimama, yule anayemwigiza katekista, yule aliyekaa njiani. Nilianza kuhesabu mabega na maboksi ya friji kabla hata hotuba hazijaisha.

Kati ya wale watano, wawili tu wako hai. Mmoja anaishi na binti yake Mkuyuni, na wiki iliyopita mama alimleta stoo akimshika mkono. Ni mrefu, mkavu, haoni vizuri, na alipapasa mbavu za boksi nilizokwisha kusimamisha kwa ajili yake kwa vidole vinavyojua vinachotafuta.

"Mama yako kaniambia utanitwika," akasema.

"Nitakutwika, mama, ukiniruhusu."

"Mimi nilikuwa nabeba ndizi. Mananasi ni yake. Usije ukachanganya." Kisha akavua viatu, akakunja magoti, akarudisha kiuno nyuma na kuniuliza asimame wapi ili nimpime vizuri.